Nasaba na Udugu: Namna ya Kuanza Kutafuta Habari za Ukoo Wako

Ndugu mmoja aliyefanya baiati miaka michache iliyopita aliniletea swali ambalo nimelisikia pia kwa wengine walioingia Uislamu wakiwa watu wazima. Baba yake na babu yake walikufa katika dini nyingine. Waliowatangulia walikuwa watu wa matambiko. Naye mwenyewe akiulizwa jina la baba wa babu yake hana la kujibu. Sasa kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemwongoza, kuna haja gani ya kuwatafuta watu hao? Si afadhali aseme kwamba ukoo wake ni Uislamu, basi, na mlango ufungwe?

Nilimjibu kwamba mlango huo hana ruhusa ya kuufunga. Na kwa kuwa swali hili ni la wengi, yafaa tulieleze kwa kirefu, kwanza upande wa dini, kisha upande wa kazi yenyewe, kwani watu wengi wanayo nia lakini hawajui washike wapi.

Katika sura ya Al-Hujurat (49:14) Mwenyezi Mungu atufahamisha kuwa ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tupate kujuana, na kwamba mtukufu zaidi mbele Yake ni yule amchaye zaidi. (Msomaji mgeni ajue kwamba katika hesabu yetu Bismillahi ni aya ya kwanza ya sura, mwenye msahafu usiohesabu hivyo atazame aya moja nyuma.) Sehemu ya mwisho ya aya hii twaisoma sana mimbarini, na ni haki yake. Lakini mara nyingi twairuka ile ya katikati. Makabila yamewekwa kwa kusudi, na kusudi hilo ni kujuana. Basi mtu asiyemjua hata ndugu wa babu yake, kujuana huko ameanza wapi?

Twasoma pia katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaagiza Waislamu wajifunze nasaba zao kadiri ya kuwawezesha kuunga undugu wao. Tazama jinsi agizo hilo lilivyo na kipimo ndani yake. Elimu ya nasaba yatakiwa kwa ajili ya kuunga. Yule ajifunzaye majina ya mababu kumi na wanne ili awatambie jirani zake, huku hajamjulia hali shangazi yake mwaka wa tatu sasa, huyo amekusanya majina tu. Na siku ya kutekwa Makka, Mtume s.a.w. alitangaza mbele ya Makureshi, watu waliojivunia ukoo kuliko Waarabu wote, kwamba Mungu amewaondolea majivuno ya zama za ujahili na kujisifu kwa mababu, kwa kuwa watu wote ni wana wa Adamu na Adamu alitokana na udongo.

Je, amri ya kuunga undugu yawahusu jamaa wasio Waislamu? Asma, binti Abu Bakr r.a., alitembelewa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Hakujua afanye nini, akaenda kumwuliza Mtume s.a.w. kama amtendee wema mama huyo. Akaambiwa ndiyo, amwunge mama yake. Na sura Luqman (31:15-16) yaeleza kwamba wazazi wakimshurutisha mtu amshirikishe Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema katika mambo ya dunia. Kwa hiyo tofauti ya dini haikati damu. Aliyeingia Uislamu ana baba yule yule aliyekuwa naye jana.

Tena Uislamu ulikwenda mbali zaidi ya hapo. Zaid bin Haritha r.a. alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Alitekwa angali mdogo, akauzwa, akafika katika nyumba ya bibi Khadija r.a., naye akampa Mtume s.a.w., aliyemwacha huru. Baba yake alipopata habari zake akamfuata hadi Makka ili amkomboe, na Zaid akachagua kubaki kwa Mtume s.a.w. Tangu hapo watu wakawa wakimwita Zaid mwana wa Muhammad. Ni heshima gani ingeweza kuizidi hiyo? Lakini aya za sura Al-Ahzab (33:5-6) zikateremka, zikaamuru watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao wenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo haki zaidi mbele ya Mungu. Mara Zaid akarudi kuwa mwana wa Haritha. Haritha hakuwa na cheo katika Uislamu. Alikuwa baba tu, na haki yake ya jina ikalindwa.

Aya hiyo hiyo ina neno la pili, nami naliona ni rehema kubwa kwa watu wa pwani yetu, hivyo tutalirudia mbele.

Sasa tuje kwenye kazi.

Anza na nafsi yako. Nunua daftari lenye jalada gumu, uandike jina lako kamili, mahali ulipozaliwa, mwaka, majina ya wazazi wako na ya ndugu zako wote kwa mfuatano, pamoja na waliokufa wachanga, maana hao ndio husahauliwa kwanza. Andika na siku uliyofanya baiati. Usidhani kwamba hilo ni jambo dogo lisilohitaji kuandikwa. Mjini Ludhiana, tarehe 23 Machi 1889, Masihi Aliyeahidiwa a.s. alipopokea baiati za kwanza, majina ya waliofanya baiati yaliandikwa katika daftari pamoja na makao yao, na leo vitukuu vya watu wale vyatafuta majina ya wazee wao humo. Wajukuu zako nao watauliza siku moja ni nani aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wao, na ilikuwa lini.

Kisha nenda kwa walio hai, na uende kwa mzee kuliko wote kwanza. Watu wengi huanzia ofisini au kwenye makaratasi, na hilo ni kosa. Karatasi itakungoja. Bibi wa miaka tisini hatakungoja. Usimwendee na orodha ya maswali kama karani wa kodi. Keti naye, mpelekee sukari na majani ya chai au chochote kilicho cha heshima kwenu, umsikilize. Ukimwuliza, “Bibi, ulizaliwa mwaka gani?” atakuambia hajui. Muulize nani alimsuka nywele alipokuwa mtoto, au nani alimfundisha kutwanga, au siku ya harusi yake alitoka katika nyumba ya nani. Hapo majina yatakuja kumi kwa mara moja. Akikuruhusu, nasa sauti yake kwa simu ya mkononi, lakini uandike pia, kwani simu hupotea na kuharibika. Na usimsahihishe mbele ya watu.

Uliza habari za wanawake. Nasaba nyingi tunazopokea ni kamba ya wanaume watupu, fulani bin fulani bin fulani, kana kwamba hawa wote hawakuwa na mama. Lakini mara nyingi bibi mzaa mama ndiye aliyehama, ndiye aliyetoka kabila jingine, na ndiye anayeeleza kwa nini nyumbani kwenu hamli samaki fulani au mnajua maneno ya lugha isiyo yenu. Uliza pia nani alimnyonyesha nani, kwa sababu kwetu sisi ziwa huharimisha ndoa kama damu (4:24), na yametokea mambo ya huzuni kwa kukosa kuuliza.

Yapo mashaka ya waliotoka katika dini za jadi ambayo hayana budi kujibiwa hapa. Katika koo nyingi za bara, majina ya mababu yalihifadhiwa na mtu mmoja, naye ni yule mzee aliyeyataja wakati wa tambiko. Nje ya tambiko hapakuwa na daftari. Sasa Mwislamu afanyeje? Hawezi kushiriki katika kuwaomba wafu wala kula kilichochinjwa kwa ajili yao. Lakini majina si tambiko. Mwendee mzee huyo siku nyingine, mahali pengine, umweleze wazi kwamba huombi lolote kwa waliokufa, wataka kujua tu walikuwa nani. Nimeona wazee wakilifurahia ombi hilo kuliko tulivyodhani, kwa sababu vijana wao wenyewe hawaulizi tena.

Baada ya majina hufuata miaka, na hapa pana ugumu. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walihesabu kwa mambo makubwa. Mzee atakuambia baba yake alizaliwa ng'ombe walipokwisha kwa sotoka. Basi wewe ujue ni katika miaka ya 1890. Akisema babu alikuwa kijana aliyebeba silaha katika Maji Maji, ni kati ya 1905 na 1907. Aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, alichukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi hao wa jeshi. Homa kubwa iliyoua watu wengi ilifuata hapo hapo, 1918 na 1919. Nzige waliofunika jua wengi huwakumbuka katika miaka ya mwanzo ya 1930. Walioitwa Keya na kupelekwa Burma ni watu wa vita vya 1939 hadi 1945. Reli nayo ni kalenda nzuri: ile ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 ikafika ziwani 1901, na ile ya kutoka Dar es Salaam ilianza 1905 ikafika Kigoma 1914. (Waahmadiyya wa kwanza kufika Afrika Mashariki walikuja Mombasa mwaka huo huo wa 1896, kwa kazi ya reli.) Na kwa wa Tanzania bara, kuhamia vijijini kulikofanyika kati ya 1973 na 1976 ndiyo mara nyingi sababu ya makaburi ya babu kuwa mahali pasipo na nyumba leo.

Kwa makabila yenye marika, jina la rika ni msaada mkubwa, lakini uwe mwangalifu. Kwa Wanandi na Wakipsigis majina kama Maina, Chumo na Sawe huzunguka na kurudi baada ya miaka mia moja au zaidi. Ukiambiwa kwamba mzee fulani alikuwa Maina, huenda ni babu yako, huenda ni babu wa babu yake. Vivyo hivyo kwa Wakikuyu, ambao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba: jina moja laweza kurudi katika kila kizazi cha pili, na mtafutaji mwenye haraka akawafanya watu wawili kuwa mmoja.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa elimu ambayo sisi Waislamu tunaisifu sana, elimu ya Hadithi, inafundisha kazi hii hii. Maimamu wa Hadithi hawakuridhika na maneno mazuri. Waliuliza: nani amekuambia? Na yeye alisikia kwa nani? Je, aliwahi kuonana naye? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Basi katika daftari lako, mbele ya kila habari, andika jina la aliyekupa na siku aliyokupa. Andika, “Kwa mujibu wa shangazi, ambaye alisikia kwa mama yake.” Ikiwa wajomba wawili wamesema mambo mawili, yaandike yote mawili, wala usichague lile linalopendeza. Lile usilolijua, acha nafasi wazi. Kurani Tukufu yatukataza kulifuata jambo tusilo na elimu nalo (17:37), na sioni kwa nini amri hiyo isimamie mlangoni pasipo kuingia katika daftari la ukoo.

Utafutaji wa dalili haupunguzi mapenzi. Baada ya vita vya Hunain, mwaka wa nane wa Hijra, miongoni mwa mateka alikuwamo mwanamke aliyesema kwamba yeye ni dada wa Mtume s.a.w. kwa kunyonya, binti ya Halima aliyemlea. Wanahistoria wa sira wasimulia kuwa Mtume s.a.w. alimwuliza dalili. Akamwonyesha alama ya kuumwa mgongoni, jinsi alivyomwuma yeye mtoto alipokuwa akimbeba. Mtume s.a.w. akaitambua, akamtandikia shuka yake aketi juu yake, akamkirimu. Kwanza dalili, kisha shuka ikatandikwa.

Masihi Aliyeahidiwa a.s. pia ameandika habari za ukoo wake katika kitabu chake Kitabul Bariyya cha mwaka 1898. Humo twajifunza kwamba wazee wake walitoka Samarkand wakaja Punjab, na kwamba kijiji walichokianzisha kiliitwa Islampur. Kwa kuwa wazee hao walipewa ukadhi wa sehemu ile, likaongezwa neno la kadhi katika jina. Kisha Islampur ikaachwa, ikabaki Kadhi, na vinywa vya watu vikaigeuza mpaka ikawa Qadian. Mtu asiyejua habari hiyo angetafuta Islampur katika ramani asiione, akadhani wazee walikosea. Basi na wewe ukitajiwa kijiji usichokipata, usiseme hakikuwako. Huenda kimebadili jina, au kilikuwa jina la jumbe aliyekitawala, nalo likafa naye.

Makaratasi sasa. Tafuta kwanza yaliyo nyumbani, katika masanduku na chini ya magodoro: stakabadhi za kodi ya kichwa, vyeti vya shule, barua, vipande vya kazi ambavyo Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuvichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kurasa za mwanzo za msahafu au Biblia ambamo wazazi waliandika siku za kuzaliwa watoto. Kisha ofisi za kadhi, kwa ndoa, talaka na mirathi. Nyaraka za taifa zipo Dar es Salaam na Nairobi, na Zanzibar zipo Kilimani. Humo mna mafaili ya utawala wa zamani, na ya Dar es Salaam yana ya Wajerumani pia, ingawa msomaji ajue kuwa hayo ni kwa lugha yao. Usitegemee kumkuta babu yako humo kwa jina, isipokuwa alikuwa jumbe, askari, mwalimu au mshtakiwa. Lakini habari za kijiji chake utazikuta.

Waliotoka katika Ukristo wana hazina ambayo huogopa kuigusa, nayo ni madaftari ya ubatizo. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, na Freretown ya Mombasa 1875, na sehemu nyingine zikafuata. Daftari la ubatizo huwa na jina la zamani na jina jipya, na mara nyingi majina ya wazazi. Mwislamu akienda kuomba kwa adabu kuona jina la bibi yake hatendi kosa, wala hajarudi nyuma katika imani yake. Aseme yeye ni nani na atafuta nini. Kwa kawaida hupokewa vema.

Sasa nafikia jambo ambalo watu wa pwani hulisema kwa sauti ya chini. Ni la utumwa, na ndugu yake ni nasaba za kubuni.

Katika miji yetu ya pwani watu wengi walijitafutia wazee Uarabuni au Shirazi. Wengine wakawacheka, wakasema yote ni uongo. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba (na tazama jinsi Kiswahili kilivyopata neno zuri hapo) vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, kama Mtwapa, Manda na Kilwa, na katika mji mmoja wa bara. Wakakuta kwamba katika wengi wa wale wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, hasa wanaume wa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi waliosimulia habari za Shirazi hawakusimulia bure; lakini simulizi lilimtaja baba aliyeshuka jahazini likamsahau mama aliyekuwa ufukweni. Hata hivyo asili ya mji mzima haimpi mtu mmoja haki ya kudai babu asiyemjua. Mtume s.a.w. ametoa onyo kali mno, kwamba mwenye kujinasibisha na asiye baba yake, naye anajua, pepo ni haramu kwake. Nimeona orodha za nasaba zilizoandikwa kwa wino mzuri na kupigwa chapa, ambazo kati ya babu wa tatu na wa nne zimeruka miaka mia mbili. Mwenye kuiga orodha kama hiyo akijua kasoro yake ameingia katika onyo hilo.

Kwa nini watu hubuni? Aghalabu kwa aibu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Mtoto wa miaka kumi mwaka 1922 aliweza kuishi hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo habari hizi si za kale. Wapo kati yetu waliopakatwa na watu waliozaliwa watumwa. Mtumwa alinyang'anywa jina lake akapewa jingine, Mabruki, Feruzi, Baraka, majina ya kheri juu ya jambo lisilo na kheri, naye akaitwa Mnyasa au Mmanyema kwa njia aliyopitishwa, ijapokuwa kabila lake lilikuwa jingine kabisa. (Usimhukumu mtu kwa jina tu, waungwana pia waliitwa Baraka.) Mtafutaji anayefuata mstari huo huona unakatika ghafula. Juu ya pale pana giza.

Hapo ndipo lile neno la pili la aya ya Al-Ahzab. Baada ya kuamuru watu waitwe kwa baba zao, Mwenyezi Mungu asema kwamba ikiwa baba zao hawajulikani, basi hao ni ndugu zenu katika dini na rafiki zenu. Hakusema wabuniwe baba. Hakusema waachwe nje. Na Waislamu wa kwanza walikuwa na mtu wa namna hiyo mbele ya macho yao, naye ni Salim r.a., aliyeachwa huru katika nyumba ya Abu Hudhaifa. Waliacha kumwita mwana wa Abu Hudhaifa, na kwa kuwa nasaba yake haikujulikana, akaitwa Salim, rafiki wa Abu Hudhaifa, mpaka leo. Mtu huyo ndiye aliyewasalisha Wahamiaji wa kwanza pale Quba, na Umar r.a. akiwa nyuma yake katika safu, kwa kuwa alihifadhi Kurani zaidi yao. Tena ni mmoja wa watu wanne ambao Mtume s.a.w. aliwataja kuwa Kurani ichukuliwe kwao. Basi ukifika penye giza, andika hapo, “Haijulikani zaidi ya hapa,” nawe u pamoja na Salim.

Limebaki swali la wale waliokufa kabla ya kuufikia ujumbe. Wengi waulizapo habari za mababu, hili ndilo linalowauma chini kwa chini: wako wapi sasa? Firauni naye alimwuliza Musa a.s. hali ya vizazi vilivyotangulia, akitaka kumtia mtegoni. Musa a.s. akamjibu kwamba elimu yao iko kwa Mola wake katika kitabu, na Mola wake hakosei wala hasahau (20:52-53). Alikuwa Nabii wa Mungu, na hakujisogeza hatua moja zaidi ya hapo. Sisi ni nani hata tusogee? Kazi yetu ni majina. Hukumu ina Mwenyewe.

Na ukikuta aibu za watu, maana hakuna ukoo usio nazo, uzisitiri. Mtu aliyeambiwa siri na mzee hana ruhusa ya kuitangaza kwa kisingizio cha historia. Sura ile ile ya makabila yakataza upelelezi na kusengenya (49:13), na marehemu hawezi kujitetea.

Yule ndugu aliyeniuliza alinunua daftari. Shangazi yake mkubwa alikuwa hajasema naye tangu siku aliposikia amefanya baiati. Salamu zilikuwa zikirudi bila jibu. Nilimkumbusha Hadithi ya kwamba muunga undugu hasa si yule anayelipa wema kwa wema, ni yule anayeunga akikatwa. Akaenda. Alikaa barazani muda mrefu bila kukaribishwa ndani, kisha akauliza swali moja tu: “Shangazi, bibi mzaa baba aliitwa nani kabla hajaolewa?” Mama yule akanyamaza kidogo, akamwambia aingie, jua ni kali.

Siku hiyo alipata majina saba. Mara ya pili akapewa na mengine. Alipofika kwa mama wa bibi huyo, shangazi akasema kwamba mama huyo aliletwa akiwa mtoto, kutoka wapi hawakuambiwa, na jina lililotumika nyumbani halikuwa lake. Akamwuliza mpwa wake ataandika nini. Ndugu yetu akamwonyesha daftari: alikuwa amepiga mstari mahali pa jina, juu yake hakuandika kitu, na pembeni ameweka jina la shangazi na tarehe ya siku ile.

Ameniambia kwamba ijumaa inayofuata shangazi ndiye aliyemtumia salamu kwanza.